Pale Nywele Zinapoishia

Jepleting alipewa wiki moja tu ya kujaribiwa. Madam Makhanu, mwenye saluni pale stejini Kiamunyi, alimwambia hivyo huku vibanio viko mdomoni: afagie, aoshe taulo, afumue wateja nywele, halafu Jumamosi jioni wataongea. Akifaa atabaki. Asipofaa atarudi kwa shangazi yake Salgaa, akaendelee na sufuria za hoteli. Jepleting alikuwa ameziosha tangu aache shule kidato cha kwanza, na alizijua moja moja vile mtu anajua ng'ombe wa kwao.

Kazi za mkono hazikumsumbua. Shida ilikuwa mdomo. Saluni ni mahali pa maneno, na yeye maneno hakuwa nayo. Ogola, msusi mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi kushinda vidole, alimuuliza siku ya kwanza kama sauti yake aliiacha Salgaa imewekwa rehani. Jepleting akacheka kichwa chini. Macho yake lakini hayakulala. Alishajua nani hupenda maji ya uvuguvugu, nani huumia nyuma ya sikio, nani husema "niko sawa" na kumbe draya inamchoma.

Kufumua ndiyo kazi aliyoipenda. Mteja akija na rasta kuukuu, zile nywele zake zilizosukwa pamoja na za dukani, kwanza ile mikia ya nywele za dukani hukatwa ili kazi isiwe ndefu. Mkasi unapita chini kidogo ya pale nywele za mwenyewe zinapoishia. Ogola alimfundisha kupapasa: rasta ni nene, ni nene, halafu ghafla inakonda. Hapo ndipo mwenyewe ameishia. Acha vidole viwili, kata.

Ogola hakumwambia jambo lingine, kwa sababu alidhani hata watoto wanalijua. Mteja ndiye huonyesha kwa kidole akatwe wapi, na kidole hicho hakipingwi. Mwenye nywele za kufika shingoni ataonyesha katikati ya mgongo. Basi utaitikia kwa kichwa, utakata katikati ya mgongo, na utafumua nywele za dukani mpaka vidole vife ganzi. Mbele za watu nywele zake zitakuwa ndefu hivyo, na mambo yameisha.

Jumamosi asubuhi akaingia Mama Cherop, kiongozi wa kwaya ya akina mama, rasta zikimpiga kiunoni. Alasiri kwaya ilikuwa inarekodi video Lanet, na yeye ndiye wa kusimama mbele, kwa hivyo alitaka kichwa kipya na alikitaka haraka. Benchi lilikuwa limejaa. Akakaa kwenye kiti, akagusa kiwiko chake, akatangaza kwamba mkasi usipande juu ya hapo, maana nywele zake ni nyingi na zimetoka mbali.

Jepleting akashika rasta ya kwanza, akateremka nayo kwa vidole. Ikakonda chini ya sikio. Akarudia. Chini ya sikio. Akawaza kwamba mama wa watu amekosea tu, nani anaweza kuona kisogo chake mwenyewe? Akaacha vidole viwili, akakata. Mkia ukaanguka sakafuni, mrefu kama kamba ya kufungia ndama.

Mama mmoja wa gauni la njano, aliyekuwa ndani ya draya, akainua kofia ya draya kidogo ili aone vizuri.

"Mama Cherop," akasema, "kwani zile zingine zote ulikuwa umeazima?"

Benchi likacheka mpaka likasogea. Mama Cherop akashika pale palipokatwa, akasimama.

"Huyu msichana amenikata nywele."

Macho yote yakamgeukia Jepleting, ya Madam Makhanu yakiwa ya kwanza. Njia ya kujitetea ilikuwa moja, tena rahisi: afumue ile rasta moja, ainue nywele za ndani, na wote waone mkasi haukuzigusa. Lakini wangeona pia zinaishia wapi. Jepleting akamtazama Mama Cherop kwenye kioo. Mkono ulikuwa bado umefunika sikio, na macho hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yanaomba.

"Ni ukweli," Jepleting akasema, na wengi pale ndiyo mara ya kwanza walikuwa wanasikia sauti yake. "Mkasi umeniponyoka. Nimekata nywele zako, mama. Nisamehe."

Madam Makhanu akaweka chanuo chini polepole. Akamwambia aende nyuma aoshe taulo, wataongea jioni. Jepleting akaenda. Alipotia mikono kwenye povu, aliona sufuria za Salgaa zikimngoja zimepangwa mstari.

Hakuwa amemaliza taulo ya pili mlango ulipofunguliwa. Mama Cherop aliingia na kigoda na ule mkasi, akisema kwa sauti ya kufika hadi benchini kwamba aliyeharibu ndiye atamaliza. Akafunga mlango, akakaa, akampa mgongo.

"Kata pale unajua," akanong'ona.

Jepleting akapangusa mikono, akakata. Mikia ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na baadaye kidogo mabega ya Mama Cherop yakaanza kutikisika. Jepleting akasimamisha mkasi, akidhani amemliza. Kumbe mama alikuwa ameziba mdomo kwa taulo mbichi, anacheka. Akamwangalia msichana, msichana naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili bila sauti, mpaka wakashikana mikono wasianguke kwenye beseni.

Kichwa kikafumuliwa upesi, chai ya saa nne ikiwa bado moto. Madam Makhanu akachukua upande mmoja, Ogola upande wa pili, Jepleting akiwapa nywele, na kwaya haikulazimika kungoja mtu. Pale mlangoni, rasta mpya zikimfika kiunoni, Mama Cherop aliliambia benchi zima kwamba nywele zake zilikuwa zinafika kwenye kiwiko hadi huyu mtoto alipozipitishia mkasi. Kisha akamgeukia Madam. "Na ukimfukuza, mimi hapa hunioni tena."

Benchi halikuelewa. Madam Makhanu, ambaye ameshika vichwa vya watu miaka na miaka, alielewa, akakaza uso mpaka mlango ukafungwa. Ogola hakuweza.

"Jepleting, wewe ni noma," akamnong'oneza akipangusa machozi ya kicheko. "Umekata nywele ambazo hazijawahi kuota."

Jioni waliongea, na maneno hayakuwa mengi: aje Jumatatu mapema, na amkumbushe Madam kununua pazia la kona ya nyuma, wateja wasikatiwe tena mikia mbele ya benchi.

Pazia hilo lilikuwa halijamaliza wiki likining'inia wakati mama wa njano, yule wa draya, alipokuja kufumuliwa. Akauliza kama yule msichana asiyeongea yuko. Akaonyesha kiunoni kwa kidole, mbele ya watu wote, halafu akatupa jicho kwenye pazia.

Jepleting akaitikia kwa kichwa, akachukua mkasi, akamfungulia pazia.