Kitabu Chenye Harufu ya Karanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitabu hata kimoja. Nilifundishwa kunawa mikono. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimevaa gauni la kuazima kwa dada yangu, najiona msomi kwelikweli, halafu mzee mmoja mrefu ananionyesha beseni la maji kana kwamba nimekuja kula.

Mzee huyo alikuwa Ambakisye, Msimamizi wa Duka. Duka lenyewe lilikuwa tawi la shirika la umma la vitabu, nasi wa Tukuyu tulikuwa mtaa wa chini ya soko. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, binti," macho yake yakiwa kwenye viganja vyangu.

"Umekata ndizi leo?"

"Ndiyo, Mzee. Asubuhi, kabla sijaja."

"Basi una utomvu. Utomvu wa ndizi ukishika karatasi umeshika, hautoki mpaka kiama. Nawa, jifute, kausha mikono pale kwenye jiko, ndipo uguse kitabu."

Jiko hilo lilikuwa la mkaa, limekaa stoo kwenye sinia la bati, na halikuwa la chai. Nyie mnaoishi Tukuyu mnajua mvua yetu, haiulizi mwezi. Kitabu kikikaa wiki mbili bila kuguswa, kuvu inakiota mgongoni, yaani pale kurasa zinaposhonwa. Kwa hiyo tulikuwa na kazi iliyoitwa kugeuza. Unachukua vitabu rafu kwa rafu, unavisimamisha wazi mbali kidogo na jiko, unapepea kurasa kwa kidole gumba, unarudisha. Ukivisogeza karibu mno gundi inalainika na majalada yanabanduka. Ukiviweka mbali mno umepoteza mkaa wa serikali. Mikono yangu ilijifunza umbali ule, na mpaka leo naweza kukuonyesha nikiwa nimefumba macho.

Wateja nao walinawa. Beseni, ndoo na taulo vilikaa mlangoni. Kuna mzee mmoja wa Kisiba alikuja kununua kalenda, akaambiwa karibu unawe, akanawa, akavuta kiti, akakaa kimya. Baada ya muda akauliza kwa heshima zote kama chakula kiko mbali. Mzee Ambakisye hakumwaibisha mgeni. Alimtuma mtu kwa mama lishe, wakala wote wawili, wakanawa tena, na yule mzee akaondoka na kalenda na kitabu kimoja juu yake. Ndivyo nilivyojifunza kuuza.

Sasa niwaeleze mali yetu. Vitabu vya shule vilivyopangwa na serikali viliitwa vya kiada. Hivyo havihitaji maneno, mwalimu amemtuma mtoto, mtoto amekuja. Vingine vyote viliitwa vya ziada, na vya ziada ndivyo vilivyokuwa roho ya Mzee Ambakisye. Alivipanga kwenye rafu ya dirishani, mahali penye mwanga. Karibu vyote viliandikwa na watu ambao hata huko kwao huenda hawajulikani. Palikuwa na bwana shamba mmoja aliyeandika juu ya maradhi ya viazi mviringo, kwa hasira kana kwamba viazi vilikuwa vyake. Mkunga wa hospitali alikuwa ameandika mambo aliyoyaona leba. Mwanamke wa Pangani alitunga hadithi ya wake wenza wawili waliofungua mgahawa na kumfukuza mume. Halafu palikuwa na kijitabu chembamba cha karani wa reli, kinaitwa *Kufuli la Stesheni*, juu ya mwizi aliyevunja ghala la mizigo, akaiba kufuli, akaacha mali yote.

"Wa kiada huja mwenyewe," Mzee alikuwa akisema. "Wa ziada umwonjeshe." Kuonjesha ni kumsomea mteja ukurasa wa kwanza kwa sauti, kisha kufunga kitabu na kukiweka mbele yake. Hutii neno lako lolote. Ukiongeza neno umeharibu.

Nilihamishiwa Kyela kwa muda kama Karani wa Mauzo. Kule joto lilivikausha vitabu lenyewe, nikakosa kazi ya mikono, nikanenepa. Mzee Ambakisye alipostaafu nilirudishwa Tukuyu kukalia kiti chake. Alinikabidhi funguo, jiko na lile beseni, akaniambia, "Rafu ya dirishani usiiache ipoe." Nilizipokea funguo huku nalia.

Zikaja enzi za ruksa. Sisemi zilikuwa mbaya, nitakuwa mwongo. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sukari, na ghafla mtaa mzima ukajaa mitumba, redio, viatu na sabuni za kila rangi. Lakini soko huria lilipofika kwenye vitabu, shule zikaruhusiwa kununua popote, na wafanyabiashara wakaleta vya kiada kwa malori. Duka letu lilikuwa linaishi kwa vya kiada. Mwaka haukupita, Meneja wa Kanda akashuka kutoka Mbeya.

Alikuwa mtu mstaarabu, suti ya kijivu, sauti ya chini. Alinawa bila kuambiwa. "Mama Atu," akaniambia, "tawi linafungwa mwisho wa mwezi. Vya kiada vinarudi ghalani Mbeya. Hivi vya dirishani ni mali iliyolala. Gari halitabeba mali iliyolala."

"Kwa hiyo vinakwenda wapi, Meneja?"

"Vinauzwa karatasi."

Karatasi maana yake vifungashio, kufungia vitumbua na dagaa. Kazi ningepata nyingine, nilikuwa na mashamba na mume mwenye akili. Lakini vitabu vile, vingi vilikuwa nakala za mwisho. Wachapaji wao walikuwa wamekwishafunga milango. Kikichanwa kile cha Tukuyu, yule karani wa reli ni kama hakuwahi kushika kalamu. Nilimweleza Meneja hivyo. Akasema anaelewa, na siku ileile akauza gunia la kwanza.

Mnunuzi alikuwa Bi Zuhura, muuza karanga wa stendi. Babu yake alitoka Kilwa, yeye kazaliwa hapahapa Tukuyu, na ulimi wake ulikuwa na makali ya kote kuwili. Asubuhi yake alikaa na sinia lake, akachana kitabu cha juu kabisa guniani, akaanza kukunja kurasa kama pembe na kujaza karanga. Kitabu chenyewe kilikuwa *Kufuli la Stesheni*.

Stendi ya Tukuyu wakati ule gari liliondoka likijaa, na kujaa lilijaa kwa kudra za Mungu. Watu walikula karanga, wakakunjua karatasi, wakasoma. Mmoja ana ukurasa wa kufuli kupotea, mwenzake ana ule wa karani kulaumiwa. Wakaanza kuulizana. Wakaanza kununua karanga ambazo hawakuzitaka. Kufika adhuhuri Bi Zuhura alikuwa dukani kwangu, gunia kichwani kwa mpagazi, kanga imemlegea kwa hasira.

"Mwanangu, mmeniuzia balaa. Watu hawali karanga, wanataka makaratasi. Kuna mmoja kanirudishia karanga zangu, anasema hizi chukua, nipe ukurasa wa tisa. Mimi na umri huu naulizwa mwizi nani, nitamjulia wapi mwizi?"

Nyuma yake alikuwa amesimama huyo mwenye ukurasa wa nane, Baba Lusajo, mkulima wa viazi kutoka Isongole, kofia mkononi. "Mugonile, mama," akanisalimu kwa heshima ya kwetu. "Samahani. Yule kalani wa leli, walimfunga?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikawaeleza habari yote, ya kufungwa kwa duka na rafu ya dirishani. Bi Zuhura alisikiliza akijifunga kanga upya. Aliangalia rafu. Akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Huyo bwana wenu anarudi lini?"

"Ijumaa."

"Nitakuja baada ya swala."

Siku zile mbili Baba Lusajo hakurudi Isongole. Alizunguka stendi na mabaa ya Ibighi akiomba kurasa kwa watu, nyingine kaziokota chini ya benchi. Aliniletea moja moja, zimelowa mafuta, nami nikazinyoosha na kuzigeuza kwenye jiko. Nilizishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi wa katani. Zilirudi zote isipokuwa moja, ule ukurasa ambapo karani anamkuta mwizi na mwizi anaeleza kwa nini alichukua kufuli. Huo tuliutafuta hatukuuona. Mtu aliupanda nao gari.

Ijumaa ilipofika, Bi Zuhura alitua gunia lake mbele ya Meneja. "Bwana, hivi vitabu mmeniuzia?"

"Tumekuuzia, Bi mkubwa, na mali ya shirika ikishauzwa hairudi."

"Nani kakuambia nairudisha? Nataka kusikia kwa kinywa chako kwamba ni vyangu."

"Ni vyako."

"Basi na hivyo vya dirishani niuzie, bei ileile ya karatasi. Na nikishanunua, nampa huyu mama aviweke kwenye kibanda changu cha stendi, upande wa pili wa karanga. Au shirika linanipangia cha kufungia?"

Meneja alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Baba Lusajo aliyekuwa amekumbatia kile kitabu kilichoshonwa. Akatabasamu kidogo, akatoa kalamu, akaandika risiti. Kwenye makaratasi yake ilikuwa imeuzwa karatasi, basi. Wakati wa kuondoka aligeuka mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Atu, hivi lile kufuli lilipatikana?" Nikamwonjesha ukurasa mmoja, nikafunga kitabu. Alikosa gari la kwanza la Mbeya.

Hivyo ndivyo nilivyoingia sekta binafsi, nusu kibanda, na beseni mlangoni. Miaka mingi nimekaa pale na Bi Zuhura, yeye karanga, mimi vya ziada. Mke wa mwalimu wa Isongole alipanda viazi kwa kile kitabu cha bwana shamba mwenye hasira. Wasichana walikisoma kitabu cha mkunga kwa zamu, wakirudishiana kimyakimya. *Kufuli la Stesheni* sikukiuza, nilikiazimisha. Kwa kuwa ukurasa mmoja haukuwepo, anayekichukua alisimuliwa ukurasa huo kabla hajaondoka, na msimulizi alikuwa Baba Lusajo kila siku ya gulio. Mimi nilikuwa nimekisoma zamani kikiwa kizima, na nilijua anavyosimulia sivyo kilivyoandikwa. Nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa tamu.

Bi Zuhura alitangulia mbele ya haki kabla sijastaafu. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo, maana kila nikianza alinikatiza kwa karanga. Nasema sasa, ndaga fijo, mama yangu.

Mwaka niliofunga kibanda, alikuja mzee mfupi, koti limechakaa, akitokea Manyoni kwenda Kyela kumwona binti yake aliyeolewa huko. Gari lilikuwa halijajaa. Alisimama mbele ya vitabu muda mrefu kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia maiti, kama niliwahi kuona kijitabu fulani cha kufuli. Alisema alikiandika yeye. Nakala zake aliwaazimisha watu, zikaisha. Mchapaji alikufa. Alikuwa ameuliza kila mji aliopita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilinyoosha mkono tu, nikamwonyesha beseni. Alinawa polepole, akajifuta vidole kimoja kimoja, nami nikampa kitabu chake mwenyewe, kimevimba, kina mshono wa gunia mgongoni. Alikinusa.

"Kina harufu ya karanga," akasema.

"Ndiyo. Kaa, Mzee, tukueleze."

Baba Lusajo alikuwa amekwishavuta benchi, na watu wa stendi wamejaa. Walimweleza yote. Mzee alipofungua akafika penye ukurasa uliopotea, akauliza hapa mnafanyaje, na Baba Lusajo akamsimulia: karani anabisha hodi, na mwizi ni bibi kizee, mama wa karani aliyeshika kazi ile kabla yake, naye amekwisha kufariki. Bibi hamwombi msamaha. Anamuuliza kwanza kama amekula. Anamletea maji ya kunawa, anampakulia, wanakula. Ndipo anatoa kufuli chini ya kitanda na kusema, mwanangu alilifunga hili kila jioni, nami nilikuwa nasikia kutoka hapa likilia, nilitaka tu niendelee kulisikia.

Mwandishi alikaa ameinamisha kichwa. "Mimi niliandika kwamba bibi alianguka miguuni pa karani akalia," akasema.

Baba Lusajo alivua kofia. "Unisamehe, Mzee. Nilifikiri hawezi kulia na mgeni hajala."

"Hapana. Umesema kweli." Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, na hakuyafuta. "Mama, nipatie kalamu na karatasi safi."

Aliandika ukurasa ule palepale kibandani, kama ulivyosimuliwa. Mimi nikaushona kwa shazia mahali pake. Tulimpa kitabu achukue, akakataa. Akasema kwake kingekuwa na msomaji mmoja.

Kwa hiyo kipo hapa nyumbani kwangu Ibighi, pamoja na rafu nzima ya dirishani, na jiko linawaka siku za mvua. Mlango haufungwi mchana. Maji yako kwenye beseni, taulo pembeni.