Fundi Aliyesikiliza kwa Uso Wangu

Mke wangu alikuwa fundi wa mashine za masikio, zile wanazovaa wasiosikia vizuri. Watu wakisikia hivyo hudhani alikuwa daktari. Hakuwa. Daktari alikuwa mwingine, upande wa pili wa korido, akiwapima wagonjwa ndani ya kijumba kisichopitisha sauti. Mke wangu alikaa kwenye meza ya dirishani, na bisibisi nyembamba kama sindano, brashi, na taa ya kuinamia. Mashine ikizibwa na nta, aliizibua. Waya ukikatika, aliuunga. Akija mtu mpya, alimtia udongo laini sikioni, akasubiri ugande, akauchomoa taratibu. Hapo alikuwa amepata umbo la sikio la mtu yule. Alikuwa akisema hakuna masikio yanayofanana, hata yale mawili ya mtu mmoja.

Mimi nilikuwa mfagizi wa kliniki hiyohiyo. Nilikuwa nafagia chini ya meza yake betri zilizokwisha, zile ndogo kama vifungo vya shati la mtoto. Siku moja akasema bila kuinua kichwa, "Ukimaliza kunifagia na mimi, uniambie niendelee na kazi." Nikaendelea kufagia palepale palipokuwa pameshatakata. Ndivyo tulivyoanza.

Kila mashine ilipokuwa tayari, kabla haijarudi kwa mwenyewe, aliisikiliza. Alikuwa na kipira chembamba kama mrija, urefu wake kama kamba ya kiatu. Ncha moja aliichomeka kwenye mashine, nyingine sikioni mwake. Kisha aliiambia maneno yaleyale: "Moja, mbili, sss, shhh, habari za kwenu." Ikiwa nzuri, aliitikia kwa kichwa. Ikiwa mbaya, ilirudi chini ya taa. Kulikuwa na sanduku la kupimia lenye skrini, daktari aliliamini sana. Mke wangu alisema sanduku linajua sauti ni kubwa kiasi gani, ila halijui kama inakera. Wagonjwa wakampa jina, Mama Kipira.

Pale kliniki kuna tabia moja. Humwiti mtu ukiwa nyuma yake. Unamgusa bega kwanza, unangoja ageuke, ndipo unasema, polepole, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Wafanyakazi wote tulizoea hivyo, hata sisi kwa sisi. Hata nyumbani. Nikitaka chumvi, namgusa bega. Watoto wetu walitucheka, wakasema tunaishi kama tuko kwenye foleni ya daktari. Nalieleza hili kwa sababu bila hilo mtu ataniuliza, wewe ulikuwa wapi. Nilikuwa palepale, nimeweka mkono begani kwake.

Jambo lilianza na mashine mpya. Zililetwa, akazisikiliza, akaziweka pembeni.

"Hizi zimefifia," akasema.

Zikarudishwa kwa waliozileta. Nao wakazirudisha, wakasema nzima. Daktari akaziweka kwenye sanduku, sanduku likasema nzima. Mke wangu akasema basi sanduku limeharibika. Akaitwa mtu wa kutengeneza masanduku, akafungua, akafunga, akasema zima. Mke wangu akasema basi ni kipira. Akanunua kipira kingine. Ikawa vilevile.

Jioni moja nilimkuta jikoni ameshika tama.

"Zote zinaongea kama mtu aliyejifunika blanketi," akaniambia.

"Labda siku hizi wanazitengeneza vibaya."

"Na sanduku?"

"Sanduku nalo la siku hizi."

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesema nilichofikiri.

Basi akaanza kuzipandisha sauti kabla ya kuwapa watu. Wenyewe wakaanza kurudi. Mwalimu mmoja alikuja akiwa ameishika mashine mkononi badala ya kuivaa. "Fundi, nikikunja karatasi, ni bati linaanguka." Mzee mmoja mshonaji akasema, "Mke wangu akiosha vyombo, mimi nahama nyumba. Majirani wanadhani tumegombana." Watu wakacheka, mke wangu naye akacheka, akamwambia, "Kwani hamkugombana?" Lakini aliporudi mezani aliisikiliza mashine ileile mara tatu.

Daktari alimuuliza, "Mama, mbona unapandisha? Mchoro wa kipimo cha mgonjwa hausemi hivyo."

"Mchoro hauvai mashine, daktari."

Daktari akarudi kwa mgonjwa wake. Alikuwa binti mpole, alimheshimu. Ila nikiwa nafuta vioo vya korido nilimsikia akimwambia msimamizi kwamba mambo yakiendelea hivi itabidi atafutwe fundi mwingine. Nikabaki na kitambaa juu ya kioo. Unga wetu unamwagika, nikajiambia. Lakini si mshahara uliokuwa unaniumiza. Yule mwanamke akiondolewa kwenye ile meza, nisingejua nimweke wapi. Na sikujua nimsaidie nini, kwa sababu sikujua nini kimeharibika. Mashine nzima, sanduku zima, kipira kipya, na kazi mbovu.

Ikafika asubuhi moja, ukumbi wa kusubiri umejaa. Mke wangu alitoka na mashine aliyokuwa ameitengeneza, ameifumba kiganjani, anamtafuta mwenyewe. Akakutana na bibi mmoja wanayejuana, wakasimama kuongea.

Mashine inayowaka ukiifumba hivyo inapiga mluzi. Sauti yake inairudia yenyewe. Ni mluzi mwembamba, unachoma. Fundi ndiye wa kwanza kuusikia. Mke wangu aliwahi kusikia mluzi wa mashine iliyokuwa kwenye mkoba wa mtu aliyesimama mlangoni, akamwambia toa betri hiyo, unaimaliza bure.

Nilikuwa na fagio langu kwenye kona. Nikausikia. Nikangoja afumbue mkono. Hakufumbua. Anaongea tu na bibi, habari za wajukuu. Mluzi unaendelea. Wagonjwa wakaanza kujishika masikio, kila mmoja akidhani ni yake. Mshonaji akachomoa ya kwake, akaitikisa, akairudisha. Mwanamke mwingine akamgeukia mumewe, "Ni yako hiyo." Mume akasema, "Yangu nimeiacha nyumbani."

Mke wangu akawaangalia wote. "Leo mna nini? Mmeingiwa na sisimizi?"

Wakacheka, wakidhani anatania. Nikaenda. Nikamgusa bega. Akageuka.

"Inalia," nikasema.

"Nini inalia?"

"Hiyo mkononi."

Akafumbua kiganja, akaitazama. Mluzi ukakatika. Akafumba. Ukaanza. Alikuwa ananitazama usoni.

"Sasa?"

"Inalia."

Akafumbua. "Sasa?"

"Imenyamaza."

Akafumba tena. "Usinitanie mbele za watu, baba."

"Sikutanii."

Bibi yule akamshika mkono akasema kwa upole, "Inalia, mwanangu. Hata mimi naisikia, na mimi ndiye mgonjwa."

Daktari alimpima siku hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kumpima. Watu wote waliopita pale, na hakuna aliyefikiria kupima sikio lililokuwa likipima. Nilimwona kupitia kioo cha kile kijumba, amevishwa visikilizio masikioni, kitufe mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wagonjwa, bonyeza ukisikia, usikisie. Mwanzo kidole kilikwenda vizuri. Halafu kikasimama. Halafu kikabonyeza wakati daktari hajagusa kitu. Daktari akaniangalia. "Anakisia," akasema. Sikujua kwa nini ananiambia mimi.

Alipotoka alitaka mchoro. Hakungoja kuelezwa. Mstari ulikwenda sawa, kisha ukaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Sauti nyembamba zimeondoka," akasema. "S zote. Mluzi." Akanigeukia. "Tangu lini?"

"Sijui."

"Unalala na mimi."

"Lakini nakugusa bega kwanza."

Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na machozi yakamtoka. Mpaka leo sijui kama kile kilikuwa kicheko.

Wakamvisha mashine. Alijitengenezea umbo la masikio mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amguse. Siku ya kwanza kuzivaa nilimwambia jambo, sikumbuki jambo gani, akashtuka.

"Nani huyu?"

"Mumeo."

"Mume wangu ana sauti nzito. Wewe unakwaruza."

"Utazoea," nikamwambia, kama alivyokuwa akiwaambia wote.

Akaninyooshea kidole. "Kumbe ni neno baya hivi."

Sasa shida ikawa nyingine. Mashine ikikaa sikioni, kipira hakina pa kuingia. Na akiitoa ili aweke kipira, hasikii kile anachokitafuta. Daktari akamwambia, "Sanduku litatosha, mama. Wewe fanya maumbo, usafishe, basi."

"Mpishi asiyeonja," akajibu, akaenda mezani.

Nilidhani ataaga kazi. Nilifagia korido nzima nikiwa na roho juu. Nikahisi mkono begani.

"Weka fagio. Kaa. Chomeka hii sikioni."

Nikakaa. Nikachomeka. Akaishika mashine karibu na mdomo. "Moja, mbili, sss, shhh, habari za kwenu. Unasikiaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu."

"Ile s inakata au inateleza?"

Nikafikiri. "Inateleza. Inakata kidogo."

"Baba, chagua moja."

"Basi inateleza huku inakata."

Mlangoni kulikuwa na watu wanangoja, wakavunjika mbavu. Akarudia. "Ina sauti ya bati?"

"Hapana. Ya sufuria."

"Sufuria ina kifuniko au haina?"

Hapo akili ilinizunguka. Nilimwangalia kama anatania. Hakuwa anatania. Alitaka kujua kweli kama sufuria ina kifuniko. Tukakaa hivyo siku nyingi, mimi nakosa maneno, yeye anakosa subira. Nyumbani akaninunia. Usiku nikiwa kitandani kila kitu kiliniuliza kinakata au kinateleza.

Kisha siku moja nilifungua mdomo niseme nzuri, akasema, "Nyamaza." Akachukua bisibisi, akazungusha kidogo sana, akayasema maneno yake, akanitazama. Akazungusha tena. Akasema tena, akanitazama. "Hapo," akasema, akachomoa kipira.

"Nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Jicho la kushoto lilikunjamana, likaachia."

Kuanzia hapo hakuniuliza neno. Nilikaa, akaongea na mashine, akanitazama usoni, akazungusha. Mimi sikujua uso wangu unafanya nini. Nilijaribu kujiangalia kwenye kioo cha chooni na kipira sikioni. Nikaona mzee mwenye kipira sikioni. Nilimwambia, "Sisikii unachokisikia wewe." Akasema, "Sihitaji usikie. Usiukaze uso tu." Nikajaribu kutokuukaza, nikaukaza zaidi, akanipiga kofi jepesi la shavu, ukalegea.

Watu wakaacha kurudi. Mwalimu alikuja kusema karatasi imekuwa karatasi. Daktari akachukua mashine alizozimaliza mke wangu, akaziweka kwenye sanduku moja baada ya nyingine, akasoma skrini, akatuangalia wawili tulivyokaa magoti yakigusana. Ya kutafutwa fundi mwingine sikuyasikia tena. Mke wangu akabaki kwenye meza yake hadi alipougua.

Sikuielewa ile kazi. Nilisikia sauti, ila kama ni nzuri au mbaya alijua yeye. Alikuwa ameyachukua masikio yangu, akaniachia kazi ya kuyabeba.

Halafu akanitupa mkono. La ugonjwa wake sitalieleza.

Nyumbani bado nagusa kabla ya kusema. Nagusa bega la kiti. Kisha nasahau nilitaka kusema nini. Binti yangu ananipigia simu, anasema baba unasikia, nasema nasikia, anasema mbona hujibu. Najibu. Nadhani nilikuwa nimejibu.

Kliniki wameajiri fundi mpya, binti mdogo mwenye mikono myepesi. Bado naenda kufagia siku nyingine, wananiacha. Juzi akaniita. Alikuja mpaka nilipo, akanigusa bega, kumbe wameshamfundisha.

"Shikamoo, babu. Daktari anasema wewe ndiye ulikuwa sikio la Mama Kipira."

"Marahaba. Anasema hivyo?"

"Kuna mashine hapa mwenyewe anairudisha kila mara. Sanduku linasema nzima. Mimi nikiisikiliza naona nzima. Naomba unisikilizie."

Nikakaa. Kiti kilekile, dirisha lilelile. Nikachomeka kipira. Akaishika karibu na mdomo, akasema maneno yake mwenyewe, si yale ninayoyajua.

"Ikoje, babu?"

"Usiniulize. Niangalie usoni."

Akaniangalia. Aliniangalia vizuri, bila haraka, kama mtu anayetaka kujifunza kazi.

"Unaonekana kama unataka kulia," akasema. "Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Izungushe kidogo, halafu uniangalie tena."

Akachukua bisibisi.