Tulipowasomea Watoto Habari za Walionusurika

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Lakini siwezi kukufikisha pale kwenye mfereji wa maji wa kijiji chetu, Muthara, kabla sijakuambia tulichokuwa tukisoma nyumbani, maana moja lilizaa lingine.

Nilikuwa mwalimu mchanga wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Kifungua mimba wangu, Kagendo, alikuwa ndiyo kwanza aanze kuota meno ya ukubwani. Mjini Meru nilikuwa nimenunua, kwa muuza vitabu vya mitumba, kitabu cha mama mmoja Myahudi. Habari hizo unazijua? Wakati wa vita vikuu vya pili kule Ulaya, Wanazi waliotawala Ujerumani waliamua kuwaangamiza Wayahudi wote, wazee kwa watoto wachanga, wakaua mamilioni. Mama huyu alikuwa msichana mdogo. Alifichwa na mfua nguo mmoja, mwanamke wa dini nyingine kabisa, akabaki hai, akazeeka, akaandika.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Jumapili alasiri, tukishatoka kanisani, tulikaa uani tukichambua maharagwe. Mimi nilisoma kimoyomoyo, kisha nikawaeleza watoto kwa Kimeru.

Mama mkwe wangu hakupenda. "Mwalimu," akaniambia, na aliniita hivyo akiwa na hasira tu, "mtoto hupewa uji kabla ya nyama. Mbona unawalisha vifo vya watu hata hatuwajui?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilimsikia. Sikuacha kusoma, ila nilipunguza tonge. Kurasa za makambi ya mauaji niliziruka, nikawaambia watoto wazi kwamba zipo na watazisoma wakikua. Nilikaa zaidi kwenye mambo ambayo mkono wa mtoto unaweza kuyashika: paka wa yule msichana, mkate aliouoka nyanya yake, siku alipoambiwa darasani ahamie benchi la nyuma kwa sababu ni Myahudi.

"Na wale wengine darasani walifanya nini?" Kagendo akauliza.

Nilirudi kwenye ukurasa, nikatafuta. "Hawajaandikwa. Nafikiri walikaa tu."

Aliendelea na maharagwe yake, lakini nilimwona akitupa mazuri pamoja na mabovu.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Karibu na soko iliishi familia moja ya Waborana, wafugaji waliotoka kaskazini, mume na mke na binti yao Halima, wakiuza maziwa. Kisha ng'ombe wakaibwa bomani kwa watu, na mwizi hakujulikana. Unajua jinsi ulimi unavyokimbia kuliko miguu. Kufikia mwisho wa wiki kila mtu alikuwa na hakika kwamba familia ile inajuana na wezi, na hakuna aliyeweza kusema ameambiwa na nani.

Jumamosi hiyo tulipanga laini kwenye mfereji, mimi, mama mkwe na Kagendo, kila mmoja na mtungi wake. Halima na mama yake walikuwa mbele yetu. Mwenyekiti wa maji, mtu tuliyemwita Kaberia, akawanyooshea kidole.

"Nyinyi simameni kando. Watu wa hapa wachote kwanza."

Maji yenyewe yalitoka kwa muda mfupi tu, kwa hiyo kusimama kando kulikuwa ni kurudi nyumbani na mtungi mtupu. Mama Halima hakubishana. Alisogea hadi kwenye ua, na laini ikajongea mbele kuziba nafasi yao. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu ya kumwambia Kaberia, nikaona mtungi wa Kagendo ukiburutwa. Alienda akasimama karibu na Halima.

"Wewe msichana, rudi kwa laini," Kaberia akasema.

"Hapana, mzee. Nitachota na Halima."

"Nani amekufundisha hiyo maneno?"

"Mama alitusomea." Hakuinamisha kichwa. "Walianza na benchi. Na hakuna mtu alisimama."

Kaberia akaufunga mfereji. Akatangaza kwamba hakuna atakayechota mpaka mtoto huyo arudi. Ndipo watu wakanigeukia: "Mwalimu! Ita mtoto wako!" Nilitoka kwenye laini, nao wakadhani naenda kumvuta mkono. Niliweka mtungi wangu kando ya wake.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya mama mkwe. Alikuja polepole, akasimama mbele ya Kaberia.

"Mimi nilikubeba mgongoni mama yako akichimba mtaro," akamwambia. "Wakati wa hali ya hatari, wazungu walituzungushia mtaro na miti iliyochongwa ncha, sisi wote, kwa sababu ya wachache waliokuwa msituni wakiwapiga vita. Hawakuuliza nani ni nani. Umesahau, ama hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, cucu," Kaberia akajibu, akimwita nyanya.

Akaufungua mfereji. "Haya. Laini ni moja."

Mwanangu, si wote waliofurahi. Wapo walioninyima salamu mpaka mavuno. Wale ng'ombe hawajaonekana hadi leo. Lakini familia ya Halima ilikaa Muthara hadi mvua, ikahama kwa hiari yake ikifuata malisho.

Kesho yake, tukiwa uani, mama mkwe alivuta kigoda chake akasema, "Soma. Anza mwanzo." Kila nilipopumzika alieleza ya kijiji cha mtaro, mambo ambayo hata mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, hakuwahi kuyasikia. "Haya si sawa na ya hao Wayahudi," alituonya. "Yao ni makubwa mno. Lakini mlango uliowaingiza huko, naufahamu."

Nimefundisha watoto wengi, na wengine ni wakubwa serikalini. Bado ninapotaka kujivuna namtaja Kagendo, na sioni haya.

Basi nakuambia hivi. Wasomee wanao habari za walionusurika, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, mkono ukiwa karibu wa kushikwa. Wapimie kwa umri wao, ila usiwadanganye. Wakiuliza lisilo na jibu, sema hulijui. Usiseme mambo hayo ni ya mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtoto ndiye huuona ufa wa kwanza. Na ya kwenu pia waambie, angali yupo anayeyakumbuka.

Murungu, Mungu wetu, akupe nyumba yenye watoto wanaouliza, na akupe pumzi ya kuwajibu. Wakue, wawe kivuli kwa asiye wao. Na iwe hivyo.