Moto wa Mzee Seshadri

Simu ilimkuta Girija kazini, kwenye benki moja ya mji wa Kumbakonam, asubuhi kabla milango haijafunguliwa.

"Baba yako ameondoka," mama alisema. "Alikaa mbele ya moto, akamaliza sala, hakuinuka tena. Njoo, mwanangu. Moto bado unawaka."

Ndani ya basi, mashamba ya mpunga yalipita dirishani kama yanaelea, na Girija akanusa moshi ambao haukuwapo. Alizaliwa ndani ya moshi huo. Baba na mama yake waliuwasha moto wao walipooana, kwa kupekecha mti juu ya mti, na kwa miaka arobaini na minane waliulisha maziwa na mchele, jua likichomoza na likizama, kwa maneno ya Veda, maandiko yao matakatifu. Haukuwahi kuguswa na kiberiti. Moto huohuo ndio ungemchoma mzee, ukibebwa na mwanawe wa kiume, kisha basi, uishe naye.

Mwana mwenyewe alikuwa Houston. Raghuraman alipiga simu akiwa uwanja wa ndege.

"Mpelekeni kwenye tanuri la umeme mjini. Nusu saa tu, kazi imekwisha."

"Kaka, baba si mkate."

"Na mimi si mbeba makaa! Alikataa kuja kumwona mwanangu kwa ajili ya jungu la majivu."

"Basi njoo umgombeze mwenyewe. Tumemlaza kwenye barafu, hana haraka."

Mama na Girija walipokezana kuutilia moto samadi kavu. Kila ulipofifia, Girija aliupuliza. Mara moja, katikati ya moshi, alidhani ameuona mgongo wa baba ukiyumba taratibu, kama alivyokuwa akiyumba akisali.

Siku ya tatu asubuhi Raghuraman akasimama mlangoni na begi lake la magurudumu.

"Mama, umeme upo. Tusijitese."

Mama akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na viatu vya raba, vyeupe.

"Baba yako alivinunua mwanao alipozaliwa. Akavivaa humu uani siku tatu, eti anajizoeza Marekani. Nikamcheka, anatembea kama bata. Lakini moto huu ni wa mume na mke, mmoja peke yake haulishi, na mimi nilisema siuachi. Akavivua. Ukitaka kununa, ninunie mimi."

Raghuraman alivigeuza. Soli zilikuwa na vumbi jekundu la uani. Akaketi sakafuni amevipakata, mpaka chai yake ikapoa.

"Chungu cha kubebea moto kiko wapi?" akauliza.

Alioga kisimani, akajifunga shuka nyeupe. Saa nne walimtoa mzee kwenda kuchomwa mtoni. Raghuraman alitangulia na chungu cha moto kikining'inia kwa kamba, nyuma yake machela ya mianzi, kisha kapu la miiko ya mbao aliyoulishia moto, ikachomwe naye. Wanawake wa kwao huishia mlangoni. Girija alimshika mama mkono, wakautazama ule moshi mwembamba ukienda mtoni, mpaka ulipokata kona.