Mchumi wa Zabibu

Leo nimecheka mahali pasipochekwa.

Nilikuwa kijijini Mvumi, kwenye kikao cha wazazi shuleni, nikiwahimiza vijana wa kidato cha sita wasomee uchumi. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema anataka kuwa mchumi.

Baba yake akasimama. Mzee wa Kigogo, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mchumi? Mimi nachuma zabibu za watu tangu ujana. Mwanangu hatachuma."

Jamani, nikacheka. Ukumbi mzima ukanifuata.

Mzee akachukua kofia yake, akatoka. Hata kumweleza sikuwahi.

Binti akanijia, macho chini. "Dada, msamehe baba. Mimi niandike ualimu tu."

Yaani ananiomba msamaha mimi.

Nyie, narudije Mvumi?