Siku Mzee Grisi Alipokaa Kitini

Mzee Grisi alisafiri baharini maisha yake yote bila kuiona bahari. Usicheke. Alikuwa fundi wa injini katika boti ya kupeleka wageni visiwani kuvua samaki wakubwa kwa fimbo, na fundi kazi yake ni chini. Huko juu samaki akiruka na wageni wakipiga kelele, yeye alisikia miguu tu ikikimbia juu ya kichwa chake. Nyumbani wajukuu walikuwa wakimuuliza sulisuli anafananaje akiruka, naye akawa anabuni tu.

Alipostaafu, binti yake akashika nafasi yake, na mwenye boti akamwahidi mzee safari moja ya bure kama mgeni. Raha iliyoje! Aliyekunja uso ni mkewe peke yake. Alimfuata mpaka mlangoni.

"Mzee, leo wewe ni mgeni," akamwambia. "Ukishuka kule chini hata mara moja, mwanao hatakuwa fundi tena mbele ya wale mabaharia."

Mzee akaitikia vizuri tu. Mfukoni alikuwa na spana.

Asubuhi ilikwenda vyema. Wakamkalisha kwenye kile kiti cha nyuma kilichokazwa sakafuni, wakamfunga mkanda, wakamletea chai kama bwana mkubwa. Mabaharia wakamtania kwamba aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa kuwa ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, ndiko kwake, asikizoee kiti. Akacheka nao. Lakini sikio lake, maskini, lilikuwa chini.

Karibu na visiwa vya mwisho fimbo ikapinda na mshipi ukaanza kukimbia. Wakampa ashike. Sheria ya mchezo huo inajulikana: mkono wa mwingine ukigusa fimbo, samaki si wako. Basi akahangaika peke yake, akavuta, akazungusha, jasho likamwingia machoni. Sulisuli akaruka, mwili mzima nje ya maji, buluu tupu, pezi la mgongoni limefunguka. Machozi yakamlengalenga mzee. Kumbe ndivyo alivyo! Miaka yote ile alikuwa akiwadanganya watoto wa watu.

Hapo injini ikakohoa.

Mazoea yana taabu. Kabla akili haijafika, mzee alikuwa keshafungua mkanda na kusimama. Fimbo ikainama, mshipi ukalegea. Samaki akatikisa kichwa, akaitema ndoana, akaenda zake. Injini nayo ikatulia, ikanguruma kama kawaida.

Binti akachomoza kichwa kwenye tundu la injini. Akamwona baba yake amesimama na mshipi umelala juu ya maji, akaelewa.

"Nilikuwa nabadilisha tangi la mafuta, Baba," akasema taratibu. "Ikishika tangi la pili hukohoa kidogo. Si wewe uliyenifundisha?"

Mzee alijawa na aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya samaki. Akarudi kitini, na chai waliyomletea akaiacha ipoe.

Wakati wa kurudi, nchi kavu ikianza kuonekana, injini ikazimika kabisa. Safari hii halikuwa suala la tangi. Boti ikaanza kuyumba, na nahodha, maana na yeye ana mazoea yake, akaita kutoka juu, "Fundi! Hebu tazama huko!" Mabaharia wote wakamgeukia mzee. Wawili walikwisha kusogea kumpisha njia.

Kwa jinsi injini ilivyokata roho, mzee alijua ni chujio la mafuta limeziba, na angeweza kulifungua amefumba macho. Akaishika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Fundi yuko chini," akasema.

Wale wawili wakarudi mahali pao. Baadaye kidogo mkono mweusi kwa mafuta ukatokea tunduni, kiganja wazi, na sauti ya binti ikaomba spana. Mzee akaitoa yake mfukoni, akamwekea kiganjani, wala hakuinama kuchungulia.