Baraza la Mbao na Kaburi la Mama

Kaka yangu alipoamua kugeuza nyumba yetu ya Karatu kuwa loji ndogo, alitaka nyuma pawe na baraza la mbao la sakafu tatu, zishuke mteremko moja baada ya nyingine, wageni wanywe chai wakitazama msitu wa Ngorongoro. Baba, mwenye kiwanja, alikubali kwa sharti moja: kaburi la mama, lililo chini kabisa ya mteremko, lisiguswe. Na alitaka kuona picha kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta Arusha, mzigo ukaniangukia mimi.

Jamani, ile programu ya kuchorea nyumba! Kaka alipewa CD yake na mgeni mmoja. Ilijua nyumba za kwao tu. Inapima kwa futi, sisi tumepima kwa mita. Ardhi yake ni bapa kama meza, na mtu wa Karatu kiwanja bapa anakitoa wapi? Nikaumba mteremko kwa mausi, kilima kikachomoza sebuleni. Nikishusha sakafu ya pili, ya kwanza inaifuata. Nikiweka ngazi, reli ya kujishikia inakuja kuziba pa kupitia, utadhani tunafuga mbuzi. Umeme nao ukikatika kabla sijasevu, naanza upya. Nilikuwa natukana kwa Kiiraqw, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Sakafu ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi. Kila nikiivuta ikomee mbali na kaburi, inaruka na kulipanda. Na kaburi lenyewe programu haina. Ina bwawa la kuogelea, ina jiko la kuchomea nyama, ina hadi kibanda cha mbwa. Nikaishia kuchukua tuta la maua, nikalipaka rangi ya saruji.

Kaka alipoliona akaguna. Akasema wageni hawaji safari kutazama makaburi, nilifute, kwani si picha tu? Nikamwambia Baba si mtoto. Tukazozana mpaka chai ikapoa, mwishowe akaninyang'anya mausi na kulifuta mwenyewe. Nilikasirika. Alipotoka kwenda kumwita Baba, nikalirudisha.

Baba alivuta kiti, akaikodolea macho ile skrini. Kisha akaweka kidole kwenye tuta.

"Huyu ni mama yenu?"

Nikaitikia. Kaka akaanza haraka haraka kueleza kwamba tutapanda michongoma pale, hakuna mgeni atakayejua. Baba hakumsikiliza. Aliniuliza zile ngazi zinaishia wapi. Nikamwonyesha: sakafu ya tatu, basi.

"Zishushe hadi kwake," akasema. "Na reli ya kushika. Udongo huu ukilowa, magoti yangu hayawezi. Tangu mvua zianze sijafika."

Sisi tulidhani kila jioni anakwenda huko. Kumbe alikuwa akiishia kwenye kona ya nyumba, anasimama pale, anatazama chini, anarudi zake ndani.

Kaka akaja kukaa kando yangu. Nikashika mausi, nikazivuta ngazi kuelekea kwa mama. Ile programu ya ovyo ikazirusha juu ya paa. Kaka akaniambia nijaribu tena.